Muda wa Seli Moja Kuwa Mbili

Wanangu wa maabara,

Siku ile mliponikatia keki na kunifunika leso mpya, mlinitaka niseme neno, nami nikasema "ahsanteni" nikaketi. Mkacheka. Baadaye Rehema, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, alinifuata nje akaniambia, "Bi Maimuna, umekaa humu tangu wengine hatujazaliwa, kisha unatuachia neno moja?" Basi haya hapa maneno mengine. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini; vyeo vyangu vyote viwili mnavijua, na hakuna hata kimoja kilichonifunza kitu. Nitawaeleza jambo lililonishughulisha tangu siku yangu ya kwanza hadi ya mwisho: seli ya mwili wa binadamu huchukua muda gani kujigawanya. Mtu akilisikia hulidhani swali la mtihani. Mimi nimeliona likiamua kama mtoto ataishi.

Nilianza kazi nikiwa binti mwembamba wa Shella, hapa Malindi, nimetoka chuoni na koti jeupe ambalo mama alilitia wanga hata likaweza kusimama bila mimi. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Shee, mtu wa Pate, mrefu, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Hebu nione mikono." Nikainyoosha. Akaitazama pande zote mbili kama mtu anayenunua samaki, akasema, "Mizuri. Kaoshe vioo."

Nikaosha vioo. Vile vipande vyembamba tunavyopaka damu, siku hizi mnavitumia mara moja na kuvitupa; sisi tulivisugua, tukavisuuza, tukavipangusa kwa kitambaa laini, tukavitazama mwangani. Mzee Shee aliamini kwamba mtu asiyejua kuosha kioo atakuja kuita vumbi ugonjwa. Nilipolalamika kwamba sikusoma ili niwe muosha vyombo, aliniambia kwa upole kwamba mkewe naye hakusoma kwa ajili hiyo, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Nilipokuja kumjua mkewe nikagundua kwamba jambo hilo halikuwa kweli hata kidogo.

Siku aliponikaribisha kwenye hadubini, aliniwekea kioo kilichopakwa uboho wa mgonjwa, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mfupa, mnamozaliwa damu. Kilikuwa kimetiwa rangi tayari. Akaniambia, "Nitafutie seli inayojigawanya." Nikatafuta tangu tulipofungua dirisha hadi macho yakatoka machozi. Nikaona seli kubwa, ndogo, za buluu, za waridi, mamia kwa mamia, zote zimetulia tu. Karibu na adhuhuri nikaipata moja. Nyuzi zake za zambarau zilikuwa zimejitenga makundi mawili, kila kundi upande wake, na katikati seli imeanza kubana kama kiuno cha nyigu. Nikapiga ukelele. Mzee Shee akaja, akachungulia, akasema, "Naam. Ndivyo ulivyoumbwa nawe."

"Lakini mzee, mbona ni moja tu? Humu si ndimo inamotoka damu yote?"

"Umepata kupita mbele ya watu wanaokunywa kahawa barazani?"

"Nimepita."

"Ukitupa jicho mara moja tu, wangapi utawakuta na kikombe mdomoni?"

"Mmoja. Labda wawili."

"Na kahawa wameinywa wote?"

"Wote."

"Basi. Kupiga funda ni kitambo kidogo. Mazungumzo ndiyo marefu. Seli hizi tumezikausha pale tulipozikuta, kama picha. Ukiziona chache katikati ya kujigawanya, fahamu kwamba tendo lenyewe ni fupi."

Ndipo akanieleza. Seli zetu zile zenye haraka huhitaji kama siku moja tangu kuzaliwa hadi kuwa mbili. Sehemu kubwa ya siku hiyo hakionekani kitu: seli yakua, yanakili urithi wake wote uzi kwa uzi, yakagua kama imekosea, yajiweka tayari. Kule kupasuka kwenyewe ni kama saa moja tu. "Ni kama harusi za kwetu," akasema. "Matayarisho mwezi mzima, na kadhi akishaketi, hujamaliza kukohoa, watu wameshaoana."

Hicho ndicho chuo changu cha kweli. Vifaa havikuwa vingi. Tulikuwa na hadubini moja ya umeme, na nyingine kuukuu yenye kioo cha kunasia jua, ambayo niliipenda zaidi kwa sababu haikujali kama umeme umekatika. Tuliiweka kwenye dirisha la mashariki, na kazi zote ngumu tukazifanya asubuhi. Rangi zetu ziliingia chini ya kucha zisitoke. Katika harusi ya binamu yangu, somo wa bi harusi, aliyekuwa akitupaka hina, aliushika mkono wangu akauliza ni nani huyo aliyenipaka zambarau, na kama alilipwa.

Miaka ikapita, nami nikajifunza kwamba kila sehemu ya mwili ina mwendo wake. Utando wa ndani ya utumbo hujifanya upya kwa siku chache tu. Ngozi huenda polepole zaidi, kiasi cha mwezi hivi. Chembe nyekundu ya damu ikishatoka mfupani huishi kama miezi minne kisha ikampisha mwenzake. Seli za ini zaweza kukaa mwaka na zaidi bila kujigawanya, lakini likikatwa kipande, zote huamka kazini. Na zile za ubongo nyingi hazigawanyiki tena kabisa, jambo ambalo Mzee Shee alisema laeleza tabia za baadhi ya wakubwa zetu.

Haya niliyaeleza kila siku kwenye dirisha la kupokelea wagonjwa, kwa watu waliotaka majibu ya haraka. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa nguo aliyepungukiwa na damu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma jioni, asubuhi akarudi na mkono umekunjuliwa tayari. "Nipime, Bi Maimuna. Nimeshameza."

"Umemeza jana, bwana."

"Ndiyo. Imefika ngapi?"

Nilimwambia arudi baada ya wiki. Alipokuja, nikamwonyesha seli changa zilizoanza kumiminika kutoka mfupani, bado zina ubuluu kidogo pembeni, kama embe lisiloiva vizuri. Akazitazama kwa muda mrefu. Akauliza zile zake ni zipi. Nikamwambia zote ni zake, akaondoka kifua mbele.

Mzee Shee alistaafu akarudi kwao Pate. Aliniachia hadubini ya jua na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nikawa mimi ndiye wa kuwaambia vijana wakaoshe vioo, hata vilipokuja vile vya kutupa. Naye Mungu akamchukua, Mungu amrehemu, kabla ya jambo ninalotaka hasa kuwaeleza. Rehema alilishuhudia. Ninyi wengine mmelisikia vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo si vya kweli.

Asubuhi moja Daktari Nafula, daktari wa watoto aliyetujia kutoka bara, alinipigia simu. "Bi Maimuna, njoo wodini na vioo vyako. Uje wewe mwenyewe, tafadhali." Daktari Nafula si mtu wa kusema tafadhali mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo nikaenda mbio.

Kitandani ameketi msichana wa miaka sita, jina lake Sidi, ametoka Jilore. Shavu lake la kulia limevimba kama aliyetia chungwa zima kinywani. Jicho la upande ule limesukumwa juu, limebaki ufa tu. Mama yake, Kache, mwanamke kijana wa shambani, alikuwa amemshika mkono. Nje ya mlango, mkekani, amekaa mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Hawe, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Alikuwa akiambua kunde akituangalia sote bila kupepesa.

"Tulidhani ni jino," Kache akaniambia. "Tukaling'oa. Yakatikisika mengine. Wiki iliyopita jicho lilikuwa lafunguka lote. Juzi nusu. Leo hivi."

Daktari Nafula akaingiza sindano nyembamba katika uvimbe, akavuta tone, nami nikalipaka kwenye vioo papo hapo. Sidi hakulia. Aliniuliza tu kama na mimi nitamchoma. Nikamwambia kwamba mimi huchoma vioo peke yake. Akaona ni haki.

Nikarudi maabara, nikatia rangi, nikangoja zikauke. Siku hiyo umeme ulikuwapo. Nikaweka jicho.

Seli zilijaa kioo kizima, zimesongamana, za buluu iliyokolea, kila moja na vitundu vyeupe kama vya chapati ya maji. Hilo peke yake lilitosha kunikausha mate. Lakini kilichonitisha kilikuwa kingine. Pale nilipokuwa nimezoea kutafuta asubuhi nzima nipate moja inayojigawanya, hapa kila nilipokisogeza kioo nilikuta moja, mara mbili, mara tatu. Ilikuwa kama kuchungulia barazani ukakuta nusu ya watu wana kikombe mdomoni. Nilimwita Rehema, nikampisha atazame. Alikuwa mgeni kazini bado. Akanyanyua uso akasema kwa sauti ndogo, "Zina haraka gani hizi?"

Tukapiga picha kwa simu kupitia tundu la hadubini, tukamtumia mtaalamu wa saratani aliyeko Mombasa. Hakuchelewa kupiga. Alisema sura ile anaijua: ni saratani ya watoto inayopenda taya, na katika saratani zote za binadamu hakuna zinazokua upesi kuliko hii. Seli zake huwa maradufu kwa siku moja au mbili. Alitaka aletewe kipande cha nyama ili athibitishe, gari likaondoka nacho mchana ule ule. "Lakini dada," akaniambia, "mwambieni daktari aanze kumwandaa mtoto. Na msimwache aondoke hospitalini."

Na hilo hasa ndilo walilotaka kulifanya. Nilipofika wodini na habari, nilikuta vyombo vimeshafungwa. Hawe alikuwa amesimama. Karisa, baba yake Sidi, alikuwa mpishi katika hoteli ya Kikambala. Amepigiwa simu, naye amesema asianzishiwe dawa yoyote hadi aje, na hawezi kuja kabla ya siku tatu. Hawe naye akaona kama ni kungoja, wakangoje nyumbani, ambako yuko mtu wa kumtazama mtoto kwa miti shamba. Daktari Nafula alikuwa ameshaeleza hadi sauti imekauka.

"Ni siku tatu tu," Kache akaniambia, machozi yakimlengalenga. "Uvimbe huu una wiki kadhaa, mama. Siku tatu ni nini?"

Sikuwa na cheo cha kuingilia. Lakini swali lile lilikuwa langu. Nililisomea, nililifanyia kazi maisha yangu yote, na sasa limeulizwa na mtu anayehitaji jibu kuliko yeyote aliyewahi kuniuliza. Nikavua viatu, nikaketi mkekani.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunifokea?"

"La. Nimekuja kukuomba kunde."

Akanitazama, kisha akausukuma ungo. Nikachukua kunde moja nikaiweka mbele yake. Nikaweka mbili chini yake, kisha nne, kisha nane. "Kila mstari ni siku moja, au moja na kitu," nikamwambia. "Kila seli ya uvimbe huu yawa mbili. Hakuna inayopumzika." Nikaendelea hadi mkeka ukawa unajaa na vidole vyangu haviwezi kufuata. Hawe akanishika mkono.

"Nimeelewa. Mino," akasema, yaani mimi kwa Kigiriama, "nimelima miaka mingi, najua kitu kikizaa."

"Lakini sisi hatuko kwenye kunde ya kwanza, Hawe. Ile ilipita na hakuna aliyeiona. Tuko kwenye ngumi nzima. Siku moja au mbili zikipita, ngumi hii itakuwa ngumi mbili. Ngumi mbili zitakaa wapi katika shavu la Sidi? Njia yake ya pumzi ipo papo hapo."

Kache aliziba mdomo. Hawe alikusanya kunde zake moja moja akazirudisha kwenye ungo. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia daktari. "Nilimzika mtoto wangu wa kike kutoka hospitali. Si hii. Aliingia akitembea. Nikiwaachia huyu na yeye akafa mikononi mwenu, nitamwambia nini mwanangu akija?"

"Siwezi kukuapia kwamba hatakufa," nikamjibu. "Lakini akienda nyumbani atakufa, hilo naweza kukuapia."

Akainua kichwa. "Na hiyo dawa yenu, yaenda mbio kama huu uvimbe? Maana naona hawa wa uvimbeni wametangulia mbali."

Wanangu, nimesikia maswali ya madaktari, ya wakaguzi, ya wanafunzi wa chuo kikuu. Sijasikia swali lililolenga kama lile. Nikamgeukia Daktari Nafula, naye akachuchumaa karibu nasi, koti lake likigusa chini.

"Dawa haiwafukuzi, bibi," akasema. "Inawangojea mlangoni. Seli ikitulia, dawa haina haja nayo sana. Ikija kujigawanya, inanaswa hapo hapo, inakufa. Sasa hizi zinajigawanya kila wakati. Ndiyo maana ugonjwa huu ni mbaya hivi, na ndiyo maana ukiwahiwa unapona vizuri kuliko saratani nyingine nyingi."

Hawe akalizungusha neno lile kichwani. "Kumbe haraka ya ugonjwa huu ndiyo itakayouponza."

"Ndiyo hiyo."

"Kache," akasema, "fungua hivyo vyombo. Na unipe simu."

Alichozungumza na mwanawe kilikuwa kwa Kigiriama, nami nilifahamu machache. Lakini nilifahamu sauti. Karisa alifika asubuhi yake, bado amevaa suruali ya upishi ya mirabamiraba, akaingia amekunja uso kama aliyekuja kupigana. Akamwona binti yake. Jicho lilikuwa limefungika kabisa. Akaweka sahihi akiwa amesimama, kisha akaenda kulia nyuma ya jengo, tukamwacha. Saa nne mtaalamu wa Mombasa akapiga simu: ndiyo yenyewe, anzeni.

Hawakuanza na dawa, walianza na maji. Mengi, kwa dripu, mchana kutwa. Ninyi mwajua sababu, lakini wazazi hawakujua, nikawaeleza: seli zikifa kwa wingi kwa wakati mmoja, takataka zake zaweza kuziba figo, kwa hiyo lazima kwanza usafishe mfereji. Kisha dawa ikaingia. Kila asubuhi nilipanda wodini na kisanduku changu nikachukua damu ya Sidi kupima figo na chembe zake. Alikuwa amekwisha gundua kwamba nilimdanganya kuhusu kuchoma vioo peke yake. Akanisamehe kwa sharti kwamba nimwambie kila rangi ya chupa nitakayotumia kabla sijaitoa.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili Kache alisema shavu limelegea, nikadhani ni hamu ya mama. Siku ya tatu niliingia wodini, Sidi akageuza kichwa, akanitazama kwa macho mawili. Mawili! Lile la kulia lilikuwa jekundu, limechoka, lakini limefunguka. "Umevaa viatu vya kijani," akaniambia. Nilikuwa nimevivaa wiki nzima. Uvimbe ulikuwa ukiyeyuka kama mafuta ya nazi juani, karibu uweze kuuona ukipungua. Hawe alishika shavu lile kwa viganja viwili, akalibonyeza, akalibonyeza tena, kisha akaanza kucheka. Wodi nzima ikacheka, hata wale ambao hawakujua sababu.

Laiti ingeishia hapo ningemaliza kuandika. Lakini dawa inayongoja mlangoni haimuulizi mtu jina. Uboho wa mfupani nao ni kiwanda cha haraka. Utando wa kinywa vile vile. Wiki iliyofuata nywele za Sidi zikatoka, kinywa kikapasuka vidonda, homa ikapanda. Nilipoweka damu yake kwenye hadubini kutafuta chembe nyeupe, zile zinazopigana na maradhi, nilizunguka kioo kizima sikupata hata moja. Nikapaka kioo kingine. Hakuna. Walimweka chumba cha peke yake, wakampa dawa za kuua vijidudu. Kache akanikamata mlangoni.

"Mlisema dawa yaua uvimbe. Mbona sasa yamuua mwanangu?"

Nikamketisha. Nikamwambia kwamba ndani ya mfupa zimo seli za asili, mama wa damu yote, na hizo hazina haraka. Wakati mwingi zimelala. Dawa imezipitia hivyo hivyo zimelala, haikuzigusa sana. Sasa zitaamka, zitajigawanya, watoto wao watajigawanya tena na tena hadi watoke kuja kwenye damu. "Hilo haliwezi kuharakishwa," nikasema. "Lina siku zake. Kazi yetu ni kumlinda hadi zitimie."

"Siku ngapi?"

"Chache. Nitakuwa nazitazama mwenyewe."

Nilizitazama. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, nilipaka damu ya Sidi, nikatia rangi, nikaketi. Mashine ya kuhesabu tulikuwa nayo, na mashine ilisema sifuri, lakini mimi sikuwa tayari kuambiwa na mashine. Rehema aliketi pembeni yangu. Sijapata kuomba dua nyingi hivyo jicho likiwa wazi. Kwenye dirisha la wodi nilimwona Karisa amesimama, maana hakurudi Kikambala. Aliwaambia wakuu wake watafute mtu mwingine wa kukaanga mayai.

Kisha, asubuhi moja, nikakuta moja. Ilikuwa kubwa, changa, kiini chake kimekunjika kidogo tu, ile sura ya seli iliyotoka mfupani kabla haijakomaa vizuri. Nikaogopa kufurahi. Nikasogeza kioo. Ya pili. Nikasogeza. Mbili pamoja, ubavu kwa ubavu. Nikasema, "Rehema, njoo." Akachungulia, akahesabu kwa sauti, na sauti yake ikapanda kila alipoongeza. Alipofika kumi nilikuwa nimeshatoka mlangoni.

Mwajua goti langu linavyonisumbua. Asubuhi ile halikuwapo. Nilikata ua wa hospitali nikikimbia na koti likipepea, buibui limeteleza, wagonjwa kwenye benchi wakinipisha wakidhani pana moto. Nikaufikia mlango wa chumba, sina pumzi, Daktari Nafula akageuka na uso umebadilika rangi. "Kuna nini?"

"Zimerudi," nikasema. "Zimeamka. Zinatoka nyingi."

Sikumwona daktari akikumbatia mtu kabla ya siku hiyo. Alinikumbatia hadi kalamu yake ikanichoma bega. Kache alipiga magoti pale pale sakafuni. Hawe akapiga vigelegele vilivyovuka wodi ya wanawake na ya wanaume, na muuguzi mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia kelele, akavipokea akarudisha vyake. Jioni ya siku ya pili homa ilishuka. Sidi akaomba uji, akasema una sukari kidogo, akaletewa mwingine.

Alipata dawa mara nyingine kadhaa, kwa mpango, na kila mara damu yake ikashuka, na kila mara nikaketi nikaingoja. Haikunitisha tena vile, kwa kuwa nilijua iko njiani. Baadaye alikuja kwa uchunguzi tu, na kila uchunguzi ulikuwa safi. Mtaalamu wa Mombasa alitueleza kwamba saratani ya namna hii haina subira; kama ingekuwa imebaki, ingejionyesha mapema. Miezi ikapita, mwaka ukapita, na zaidi ya mwaka. Siku moja Daktari Nafula alifunga faili, akawaambia Karisa na Kache maneno ambayo madaktari hawayasemi ovyo: amepona.

Wakatualika Jilore. Tulikwenda mimi, Rehema, daktari na wauguzi wawili, gari moja. Tulidhani ni chakula cha nyumbani. Tulikuta watu wa shamba lote lile, ngoma zimewambwa, na Karisa na sufuria ambazo sijui alizitoa hoteli gani. Hawe alimshika Daktari Nafula mkono akamzungusha kwa kila mtu mzima aliyekuwapo. Kisha akaja kwangu. Nilidhani atanishukuru. Akanivuta katikati ya wachezaji, akanifunga leso kiunoni, akasema, "Leo hapana kuketi." Nikacheza, wanangu. Rehema anazo picha, nami nawakataza kuzitazama.

Nilipochoka niliketi kwenye kigoda karibu na moto wa Karisa. Sidi akaja akiwa na hindi la kuchoma, refu, la moto. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba. Akaketi kando yangu, akaliuma kwa upande wa kulia, kwa nguvu, akang'oa punje safu nzima, akatafuna huku akizungumza, jambo ambalo mama yake alimkataza mara mbili bila mafanikio.

"Bibi, wewe huli?"

"Meno yangu hayawezi tena hayo, mwanangu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akaligeuza hindi na kuliuma upande wa pili.